Shukrani Isiyo na Dumuzi

Sijawahi kuona watu wanaomwekea Mungu masharti ya kushukuriwa kama wazee wa kanisa la kijiji nilichofundisha, huko Busunzu. Mwaka 2013, wiki chache kabla ya sikukuu ya mavuno, mzee aliyesimamia maandalizi alisimama mbele na suti yake ya kahawia iliyombana tumboni. Akatangaza kwamba mwaka ule hataki aibu.

"Mungu hapewi mahindi yenye dumuzi," alisema. "Atakayeleta uchafu, tutamrudishia mlangoni."

Kisha akaketi, akajipepea kwa kitabu cha nyimbo, na uso wake umetulia kama mtu aliyetoka kuongea na Mungu kwa simu muda si mrefu. Nilimdharau tangu siku ile na sijaona sababu ya kuacha. Mahindi yake yalilimwa na vibarua waliovuka mpaka kutafuta kazi, yakapaliwa na vibarua, yakapukuchuliwa na vibarua. Dumuzi, wale wadudu wanaotoboa nafaka, wangepata wapi nafasi? Alikuwa na dawa ya kuhifadhia nafaka ya kutosha kijiji kizima, na hakumwazima mtu hata kijiko.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba kwa mjane mmoja wa Kiha, mtu mzima, niliyezoea kumwita bibi. Msimu wa kupanda ulimkuta kitandani na homa iliyokataa kuondoka. Akina mama wa jirani walikuja na kuni na maji, nami nilipika uji. Wazee wa kanisa hawakuonekana. Nasikia walimwombea, kwa mbali, mahali pasipo na harufu ya mgonjwa. Akiwa amelala pale bibi aliweka nadhiri kwamba Imana akimwinua, siku ya mavuno atasimama mbele ya watu wote amshukuru, na mkononi awe na kitu. Imana ndiye Mungu kwa lugha yao, na bibi alipolitaja jina hilo ungedhani anamzungumzia mtu aliyeketi chumba cha pili.

Akainuka kweli. Alipanda kwa kuchelewa, akavuna kidogo, na kile kidogo dumuzi wakakiingilia hata kabla hajamaliza kupukuchua. Mahindi safi yaliyobaki ndani ya nyumba ile yalikuwa mashada mawili tu, yale aliyoyachagua shambani na kuyatundika jikoni, juu ya moto, yakae moshini hadi mvua. Ile ndiyo ilikuwa mbegu yake. Hakuwa na nyingine, wala hela ya kununulia ya dukani.

Jumamosi mchana nilimkuta ameyashusha. Anayafuta masizi kwa kitambaa chenye maji, hindi moja moja, yasije yakaitwa uchafu.

"Bibi, hiyo si mbegu?"

"Ni mbegu, mwalimu."

"Sasa mvua zikija utapanda nini?"

"Imana atajua," alisema. "Nilimwahidi kitu. Hakikuwa kitu chenye wadudu."

Nilikasirika mpaka nikatoka nje. Nilimkasirikia yeye kidogo, na mzee wa suti ya kahawia sana. Nilijua kabisa kwamba kwenye mnada wa baada ya ibada mashada yale yatauzwa kwa bei ya kuchekesha, yapelekwe mashineni pamoja na mengine. Nikaweka hela mfukoni niyanunue mimi, niyarudishe kimyakimya.

Jumapili alikuja mgeni rasmi kutoka Kibondo mjini, bwana mkubwa wa ofisi fulani, na gari jipya. Alishukuru kwa ajili ya gari. Alishukuru kwa ajili ya cheo, kiwanja, na safari ya Dodoma. Kila aliposhusha pumzi mzee wetu alipiga makofi, nasi tukapiga. Bibi alipofikiwa na zamu yake alipewa muda wa kusema sentensi mbili, maana chakula cha mgeni kilikuwa kinapoa. Akasema, "Nilikuwa nakufa. Sikufa." Akapiga magoti, akaweka mashada mbele ya madhabahu, akarudi kwenye benchi akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni kwake. Kwa hilo hata dharau yangu ikanyamaza.

Haikunyamaza kwa muda mrefu. Kabla ya mnada, mzee alipita katikati ya mavuno akichagua, akibinya hiki, akigeuza kile, akitoa yaliyo mazuri kwa ajili ya zawadi ya mgeni. Mashada ya bibi yaling'aa kwa kufutwa. Yakachukuliwa. Hela yangu ikabaki mfukoni haina kazi. Tukatoka wote nje kuimba wakati vitu vinapakiwa kwenye gari.

Mgeni aliyanyanyua mashada yale, akayapimapima mkononi, akacheka.

"Haya sisi mjini hatupukuchui," alisema. "Lakini kuku wangu leo watamsifu Bwana!"

Watu wakacheka. Mzee wa kanisa alicheka kuliko wote, akainama kabisa, akashika magoti.

Bibi hakucheka. Alitoka kwenye mstari wa akina mama, akaenda hadi kwenye gari, akapiga magoti kama wanavyofanya wanawake wa huko wanapopokea kitu kwa mkubwa, akainua mikono miwili. Mgeni, kwa mazoea ya kupigiwa magoti, akamwekea mashada mikononi kabla hajafikiri. Bibi akasimama nayo.

"Mama, rudisha hapo!" mzee alifoka. "Sadaka hairudi! Unamnyang'anya Mungu?"

"Mungu nilimpa, akapokea, nilimwona," bibi alisema, taratibu, akiifungua kanga yake ya juu. "Kuku sikuwapa."

Akayafunga mahindi mgongoni kama anavyofungwa mtoto, akaaga kwa adabu, akashika njia. Kwaya ilikuwa imesahau kuimba. Mzee alibaki na mkono hewani, akatugeukia sisi, akingoja mtu amwambie bibi amekosea.