Mkate wa Jibini, Siku Mama Alipokataa Wali

Wiki zile mama hakuweza kuvumilia harufu ya wali. Kwa mtu wa Ifakara hilo ni balaa. Mchana mtaa wetu wote wa Lipangalala unanukia wali, na mchele wetu ukiwa jikoni hauombi ruhusa, unapita hata kwenye dirisha lililofungwa. Nilikuwa naziba upenyo wa mlango kwa khanga kuukuu, lakini bado nilimsikia akikimbilia uani kutapika.

Alikuwa mjamzito. Neno hilo naweza kuliandika, kulitamka siwezi. Nilikuwa kidato cha tatu na niliona aibu, sitaki kudanganya. Ila hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu, kwa sababu mwaka uliotangulia tulipoteza mtoto kabla hajazaliwa, na ilianza hivi hivi, mama kutokula. Nesi wa kliniki alishatuambia chakula kisipokaa tumboni tumrudishe, atalazwa. Baba yuko kwenye mashamba ya miwa, huwa anarudi mwisho wa mwezi. Nyumbani tulikuwa mimi na bibi, mama yake mama, aliyekuja kutoka Idete kutusaidia.

Jumamosi asubuhi mama alisema, uso kaugeuzia ukutani, "Ningepata ule mkate wa jibini."

Zamani, kabla hajanizaa, alikuwa akipika kwenye nyumba ya wageni kule kwenye miwa, na ndiko alikoujulia. Mkate unakaangwa pande zote mbili, ndani jibini, hoho, nyanya na majani fulani ya kunukia. Nilimuuliza majani gani. Hakukumbuka. Alifumba macho kama vile kuongea kwenyewe kulikuwa kazi.

Jibini maduka ya kwetu hayakuwa nayo, lakini niliwahi kuona kwenye simu inavyotengenezwa kwa maziwa na limau. Nikaenda kwa mama wa Kisukuma anayeuza maziwa barabarani. Huwa namkwepa, maana ana maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Sufuria, kikapu, nyanya! Umetumwa au umeoa?"

Wateja wakacheka. Nikasema nataka maziwa mabichi, siyo mtindi, na mengi.

"Ya nani yote hayo?"

"Ya mama."

"Anaumwa?"

Nikaangalia ndala zangu. Yeye akaniangalia mimi, akamimina, akaongeza kidogo juu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Yachemshe sana. Mwenye mimba hanywi mabichi." Wala sikuwa nimesema.

Nyumbani niliyachemsha mpaka yakafura, nikakamulia limau. Yakakatika. Bibi alichungulia sufuria akapiga kofi.

"Mume wangu! Umeharibu maziwa ya watu!"

Bibi huniita mume wake tangu nikiwa mdogo. Siku nyingine ningecheka. Nilichuja kwenye kitambaa safi, nikakamua, nikatia chumvi, nikakandamiza kwa jiwe. Ikatoka jibini kweli, nyeupe, ndogo kuliko nilivyotarajia. Nilikata hoho, nyanya na kitunguu vyembamba, nikavipitisha kwenye kikaango visitoe maji. Nilinusa kila kitu kabla ya kukiweka. Kitunguu nikakipunguza. Nikakipunguza tena. Kwa majani nilichuma kilichokuwa karibu, kivumbasi cha nyuma ya nyumba, kinanukia vizuri. Mkate wa kwanza ulikuwa tayari umeshika rangi bibi aliponusa.

"Hicho si kivumbasi?"

"Ndiyo, bibi."

"Sisi hicho tunafukuzia mbu. Wewe unataka kumfukuza nani humo tumboni?"

Niliutoa mkate motoni, nikaufungua, nikaanza kunyofoa majani moja moja, na vidole vyangu vyote vinanuka kivumbasi. Nilijiona nimeshamuua mtu ambaye hata hajazaliwa. Machozi yalikuwa karibu, nikasingizia moshi, na mkaa haukuwa na moshi.

"Lete huo hapa," bibi alisema. "Mimi sina mimba."

Jibini ilibaki ya mkate mmoja tu. Nilinawa kwa sabuni, nikaweka giligilani, nikakaanga upya kwa moto mdogo huku nimeubana kwa kifuniko. Jibini haikuyeyuka wala kuvutika kama ya kwenye simu, ilipata moto tu ikatulia. Nilimpelekea mama. Bibi alinifuata na sahani yake, akakaa kwenye kigoda.

Mama alimega pembeni, akatafuna muda mrefu. Akameza. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Akameza tena, kisha akaweka chini.

"Siyo," alisema. "Ni mzuri, lakini siyo wenyewe."

Halafu akainua pua, kama mtu aliyesikia anaitwa.

"Mama, huo wako una nini?"

Bibi akaacha kutafuna. Mimi nikasema, "Hapana, huo una kivumbasi, ni cha mbu, nimekosea," maneno yote kwa pamoja.

"Ndiyo yale majani," mama alisema, mkono keshaunyoosha.

Nilimwangalia bibi. "Si umesema…"

"Nilisema cha mbu. Nilisema sumu mimi? Kikiwa kichache kinaliwa. Mume gani huyu hajui utani!"

Mama hakutusubiri. Alikula kipande cha bibi chote, upande ulioumwa na ambao haujaumwa, akaokota na hoho iliyodondoka kwenye shuka. Kisha akajilaza. Bibi alitoa sahani. Mimi nilikaa sakafuni nikamwangalia koo, nasubiri lipande atapike. Nje majirani walishaanza kuinjika wali. Harufu iliingia, mama akakunja uso, nikasimama.

"Kaa," alisema, macho kafumba. "Kimekaa."

Nikakaa, lakini sikuacha kumwangalia.