Kufuli la Tundu la Kasuku

Juzi nilikwenda Bamburi kwa mdogo wangu wa kike, nikamkuta ameinamia tundu la kasuku wake wadogo. Baba wa kijani, mama wa kijani, na kati yao kinda wa buluu.

"Huyu katoka wapi?" aliniuliza, akinikodolea yale macho yake ya paka. Nilicheka, lakini moyo ulikwisha kurudi Chaani.

Kwetu Chaani asubuhi ilinukia mahamri na iliki, na kazi yangu ilikuwa kupepeta mawele ya ndege wa bibi. Bibi, mzaa baba, alikuwa mtu wa shaka; hata maziwa aliyanusa mara mbili. Kasuku wake wa kijani walipoangua kinda wa buluu, alitazama ukuta wa jirani. Jirani alikuwa na dume la buluu lililozoea kutoroka. Tena bwana huyo mwenyewe alikuwa mweupe. Na mdogo wangu, aliyezaliwa baba akiwa safarini melini, alikuwa mweupe vilevile, nasi sote nyumbani weusi.

"Wa kijani wawili hawazai wa buluu," bibi alisema, macho kwa mama. "Mwanangu na arudi tu, nitamwambia."

Nilijua maana yake: mama angepewa talaka.

Mama hakulia. "Basi mama, watie kufuli. Ufunguo kaa nao wewe."

Bibi akafunga kweli, ufunguo akaufundika kwenye pindo la leso. Hata nikitia mawele, alinisimamia mgongoni. Yakaja mayai mapya, makinda wakaota manyoya, na mmoja wao, wallahi, akawa wa buluu. Bibi alilitikisa kufuli, akalitikisa tena, kisha akakaa chini.

Baba aliporudi alimnyanyua mtoto, akamtazama sana. Mama alishika ukingo wa mlango.

"Kachukua kwetu," bibi alisema. "Babu yangu alikuwa hivyo hivyo."

Baadaye nilisoma kwamba ndege wa kijani huweza kubeba ubuluu aliorithi bila kuuonyesha, na wawili kama hao wakikutana, ndipo hujitokeza kwa mtoto. Lakini huyo babu sikuwahi kumsikia kabla, wala baada. Bibi hayupo, mama hayupo, nyumba ya Chaani imebomolewa, na wa kumuuliza simwoni.

"Kachukua kwao," nilimjibu mdogo wangu. Kisha, kabla sijaaga, niliutikisa mlango wa tundu lake nione kama umefungwa sawasawa.