Isale la Baba Lililozama Ndooni

Harufu ya udongo uliooza ikinipata popote, miaka inarudi nyuma. Narudi Kiwalani, sebuleni kwetu, niko darasa la tatu, mbele ya ndoo ya rangi iliyopandwa isale.

Isale, kwa msiolijua, ni mmea wa majani marefu, na sie Wachaga ukimkosea ndugu unampelekea jani lake kuomba radhi. Kulikataa hawezi, ni mwiko. Sasa Baba alikuwa amemjibu ovyo baba mkubwa harusini, mbele ya wakwe, na tangu hapo kwa baba mkubwa, Gongo la Mboto, hatukukanyaga tena. Nilikuwa nawamisi binamu zangu mpaka naota. Kila Jumamosi Baba alisema ataenda kesho. Kesho ikifika, anasema acha jani likomae.

Basi lilimwagiliwa hilo isale! Maji kwetu yalikuwa ya mgao. Siku yakitoka, ya zamani yanamwagwa ili ndoo zipate nafasi. Mama alimwaga kwenye isale, mie humo humo, ila Baba ndiye aliyetia fora. Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Anazunguka sebule kama anatafuta rimoti, anarudi, anaongeza. Na ndoo haikuwa na tundu hata moja, maana Mama hakutaka kapeti lilowe.

Majani yakawa ya njano, shina likalegea. Baba akaona ni kiu. Akaongeza.

"Baba Eliya," Mama akasema, "hili halina kiu. Lina mafuriko."

Akalichomoa, akalipeleka uani. Harufu iliyotoka pale, hata kuku wa jirani walihama. Akakata mizizi iliyooza, akalianika juu ya gazeti kivulini, akatoboa ndoo kwa msumari wa moto, akalipanda upya kwenye udongo mkavu wenye mchanga. Mie nikapewa ulinzi: asilisogelee mtu na maji, hasa baba mwenye nyumba. Nilimrudisha Baba ndani kama mbuzi aliyevamia mchicha, tena kwa heshima zote, "Shikamoo Baba, kikombe nipe mie."

Tulisubiri mpaka nikachoka kuchungulia. Siku jani jipya liliposimama wima kama antena, nilimkimbilia Baba. Akaja, akaligusa, hakucheka.

"Bado dogo," akasema.

Mama akachukua kisu. Alilikata, akamwekea mkononi, akamfungulia mlango.

"Litakomalia njiani. Nenda."

Akaenda. Baba mkubwa alilipokea kwa mikono miwili, na Jumapili iliyofuata sie watoto tulikuwa tunagombania ndizi nyama kwenye sinia moja.

Miaka yote nilidhani Baba alikosa raha kwa kuogopa isale litakufa. Sasa niko kidato cha tatu, na kila nikipanga kumsemesha msichana fulani wa darasani, naona ghafla viatu vyangu vinahitaji kiwi. Ndio nimemwelewa mzee. Alikuwa anaogopa litapona.