Nimeinamia Mabati ya Mama Akinyi

Watu wangu, leo nimeomba msamaha bila kujua.

Kule Kibera kuna kichochoro kinapita mlangoni kwa Mama Akinyi. Miaka ya tisini paa lake lilitokeza hapo kichochoroni, chini sana, na siku moja ile mabati ikanipasua paji la uso. Nikamtukana vibaya, naye akanijibu. Tangu hapo hatujaongea. Mimi huzungukia njia ya mbali ya Olympic, hata kukinyesha.

Leo huko kumefungwa, wanachimba mtaro. Nikasema liwe liwalo, napita kwake.

Kufika mlangoni, mwili ukakumbuka wenyewe. Nikainama chini kabisa, kama mtu yuko kanisani.

Msinicheke.

Jamaa aliyekuwa nyuma yangu na gunia la makaa akaona nimeinama, naye akainama. Mama mwenye beseni nyuma yake, hivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza tunainamia nini!

Mama Akinyi alikuwa ameketi hapo anachambua omena, vile visamaki vidogo. Akainua macho.

"Haiya! Fundi, umekuja kuniomba msamaha? Na umeleta mpaka wazee?"

Nikataka kumwambia ni mabati tu. Nikatazama juu. Hakuna mabati, ni mawingu.

"Na ile mabati ilienda wapi?"

"Niliikata wiki ile ile uliumia," akasema. "Ni wewe hukurudi kuona."

Jameni. Hiyo miaka yote nazunguka!

Nikainama tena. Hii ya pili haikuwa ya mabati.