Msimu wa korosho ulivyoninyang'anya pumzi, na nilivyoirudisha

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi.

Mimi ni binti wa Mnyambe, Newala. Nakimbia mita elfu tano, na nilikuwa nataka kitu kimoja tu: kuingia timu ya mkoa.

Huku kwetu msimu wa korosho ukianza, mazoezi yanalala. Kocha mwenyewe ana mikorosho. Tunajipa moyo kwamba kuinama kutwa, kung'oa korosho kwenye mabibo na kubeba magunia ni gym tosha.

Msimu ulipoisha nikaenda Masasi kwenye mchujo, mapaja magumu, najiona fiti kweli.

Mizunguko ya mwanzo ilinidanganya. Katikati pumzi ikakata. Miguu inataka, kifua hakitaki. Wakanipita hata wale niliozoea kuwaacha mbali. Nililia palepale uwanjani.

Kocha akasema, "Mgongo umeufanyisha kazi, mapafu umeyapa likizo."

(Kitambi chake nacho kilikuwa kimeongezeka.)

Nikaanza upya. Kile kilima cha kutoka bondeni, nilichokuwa napanda nikipiga stori, sasa napanda nikitembea. Inauma, wakuu. Lakini nilikomaa mpaka stamina ikarudi.

Msimu uliofuata nikamwambia mama nitakimbia kidogo alfajiri, siku chache kwa wiki, ndipo nije shamba. Akakataa katakata.

"Korosho ziko chini, wewe uko barabarani unafukuzana na upepo? Watu watasemaje?"

Nikakimbia hivyohivyo. Majirani wakacheka. Nikifika shamba nasema shikamoo mama, anaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Naokota naye mpaka jioni.

Siku moja alfajiri wingu likatanda, na korosho zikilowa zinaharibika. Nikaacha kukimbia, nikashika ndoo ya kuokotea. Mama akaninyang'anya.

"Nenda. Korosho hazina miguu, zitaningoja. Wewe ulishaachwa mara moja."

Sikuwahi kukimbia kwa hasira nzuri kama siku ile.

Kwenye mchujo mama alikuja Masasi, amebeba maji yangu ya kunywa katika ndoo ileile. Nimo kwenye timu.

Nilichojifunza: kazi ikizidi punguza mazoezi, usiyazime. Mwili hausubiri msimu uishe.

Wenzangu wa ufuta na mpunga, nyie mavuno yakifika mnafanyaje? Na mama zenu wanasemaje?