Mlio Anaousikia Sikio

Mtaani wanamwita Sikio, kwani fundi huyu huegemeza bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho, kisha akautaja ugonjwa wa gari. Leo amefumba tena. "Beringi hiyo, mwalimu. Inalia nyiii, kama ile ya jirani yako." Mwalimu, mikono kwenye usukani, akamtazama. "Fundi, mbona nimeshazima zamani?" Sikio akafumbua macho. Feni ya injini imetulia tuli, na mlio uko palepale, kichwani mwake. Akakosa pa kuuweka uso. Akaanza kufuta vidole, kimoja kimoja, ingawa vilikuwa safi. Mezani pake ipo beringi ya jirani, ile aliyoing'oa juzi akisema imekwisha. Akaizungusha. Ikazunguka laini, bila mlio, kama mpya. Akaifunika kwa tambara kabla mwalimu hajashuka.