Gari Lililougua Likiwa na Mzigo

Kilichoniondoa nyumbani ni mama mmoja mwenye baiskeli. Nilikuwa natoka Ifakara na saruji nyuma ya pikapu yetu, nikakata usukani kulia ili nimpishe. Mikono yangu ikaenda, magurudumu yakabaki. Kisha, ghafla, yakafuata yote kwa mkupuo. Yule mama alijitupa kwenye majaruba ya mpunga na baiskeli yake. Aliinuka mzima, tope hadi kiunoni, akaniangalia bila kunitukana. Bora angenitukana.

Mume wangu alisema tuiuze hiyo pikapu, imeshazeeka.

"Tumuuzie nani?" nikamwuliza. "Mtu akafie humo?"

Suala la kuuza likaishia hapo.

Fundi Beda, ambaye tulisoma naye mafundisho ya kipaimara na sasa ana gereji mjini, alikuwa ameshabadilisha mkanda, oili ya usukani na vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele. Kila mara alilizungusha gari mjini akanirudishia funguo: "Mama Deo, gari zima." Na kweli lilikuwa zima, mpaka siku lilipoamua vinginevyo. Safari hii nikamwambia afunge gereji aje nami. Dada yangu Filomena, anayeishi Mofu, alikuwa na matofali yake Idete yanayongoja usafiri, maana mafuriko yaliangusha ukuta wa nyumba yake na mvua nyingine zilikuwa zinakaribia. Tungeyachukua, na hatungerudi kabla hatujauona huo ugonjwa kwa macho.

Asubuhi tuliondoka Ifakara gari likiwa tupu. Niliendesha mimi. Beda alitoa kichwa dirishani, akitega sikio kwenye gurudumu la mbele. Kila kona niliikata kwa makusudi, huku moyoni nikiliombea gari liugue. Halikuugua. Tulipofika Idete, Beda alikuwa amejaa vumbi hadi kwenye kope.

"Nilikwambia," akasema, akijipangusa.

"Bado hatujafika."

Idete tulipakia matofali hadi springi zikalala. Tukatoka taratibu. Mbele kidogo kuna kona ya kulia ambapo maji yamekula barabara, upande wa kushoto umebaki na kinundu. Gurudumu la kushoto lilipopanda kinundu, nikakata, na usukani ukanisaliti. Nilikanyaga breki. Tulisimama pua ikiwa karibu na mtaro.

"Umeona?" nikauliza.

Beda alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. "Nimeona."

Alishuka, akaingia uvunguni, akatikisa kila chuma. Nikazungusha usukani kulia na kushoto. Hakuna kilicholegea. Akataka tupakue matofali, tupige jeki, alichunguze vizuri.

"Beda, kila ukiliinua, linapona," nikamwambia. "Liache na mzigo wake, liache chini."

Tuliendelea kwa mwendo wa mtu anayebeba maji kichwani. Kabla ya Namawala tulikuta boma la Masanja, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Alikuwa anafungua nira.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Gari limekufa?"

"Halijafa. Linajifanya zima."

Njiani nilikuwa nimefikiri. Gari lilisumbua likiwa na mzigo, lakini hata kwa mzigo huo lilikuwa limetoka Idete bila shida mpaka pale kwenye kinundu. Nikakumbuka kwamba siku ya yule mama, nilipomkwepa, gurudumu la kushoto lilikuwa limepanda ukingo wa barabara. Nikamwomba Masanja ruhusa ya kupandisha gurudumu moja kwenye tuta la jaruba lake.

"Likibomoka?"

"Tutalijenga."

Akacheka, akatuonyesha lililo gumu kuliko yote. Tuliweka gurudumu la mbele kushoto juu ya tuta, mengine tukayazuia kwa mawe. Beda akakaa kwenye usukani, injini ikiunguruma. Mimi nikapiga magoti kando ya gurudumu la kulia, nikamulika ndani kwa tochi ya simu.

"Kata kulia!"

Pale kwenye boriti ya chesisi, uti wa mgongo wa gari, limefungwa boksi la usukani, kipande kizito cha chuma kinachotakiwa kukaa kama jino kwenye taya. Likacheza. Nyuma yake, ndani ya matope makavu, chesisi ikafumbua mdomo. Ufa ulitosha kupitisha kucha, na ndani yake kulikuwa na unga mwekundu wa kutu.

"Rudisha!"

Ukafumba. Ulibaki mstari mwembamba, ungedhani ni mkwaruzo wa jiwe.

"Kata tena!"

Ukafumbua. Nikapiga kelele kama niliyeona simba. Masanja alikuja akachungulia, akatoa mluzi. Kisha Beda na mimi tukabadilishana nafasi. Alitazama muda mrefu.

"Hapa nimepapasa mara nyingi tu," akasema. "Ufa ulikuwa umefumba."

"Na mimi nimelikalia juu miaka yote hiyo."

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milima. Beda akasema tungeweza kulifunga kwa mnyororo, tukaenda polepole, matofali yakafika Mofu, tukachomelea wakati wa kurudi. Nilitamani kukubali. Nilimjua dada yangu, angekuwa barabarani anachungulia. Lakini kabla hatujauona ufa tulikuwa na kisingizio, na sasa hatukuwa nacho.

"Halitembei kwa nguvu zake mpaka lichomelewe," nikasema.

 Masanja alirudi kuwafunga ng'ombe wake nira.

Tulipakua matofali, tukaliburuza gari hadi kwa mchomeleaji wa Namawala. Masanja alitangulia na fimbo, ng'ombe wakafuata, Beda akashika usukani wa gari lisilonguruma. Watu walitoka vibandani.

"Mama, dizeli imeisha?"

"Leo linakula majani!" nikawajibu.

Beda alifungua boksi, akatoboa tundu dogo kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia, ndipo mchomeleaji akauziba. Juu yake wakachomelea bamba nene la chuma. Mimi nilikwenda Mofu na Masanja kwa mkokoteni wake wa ng'ombe, tukiwa na sehemu ya matofali. Filomena alitupokea jioni, macho yake yakipita nyuma yetu.

"Gari liko wapi?"

"Limelazwa."

 Alitupakulia wali na kambale, kisha akatoka kuhesabu kona za msingi ambazo matofali yale yangeweza kuzianza.

Niliporudi Namawala, gari lilikuwa limeunganishwa. Tulilirudisha kwa Masanja, tukapakia matofali yaliyobaki, tukapanda tuta lile lile. Beda alikata kulia mpaka mwisho. Boksi halikucheza. Nikamwambia akate tena, na tena, mpaka tuta likabomoka upande, nasi tukalijenga kama tulivyoahidi.

Tulikuwa bado na majembe mikononi Masanja alipotoka ndani. Mke wa mwanawe, Kabula, alikuwa mjamzito. Miguu ilikuwa imevimba, kichwa kinamuuma, na zahanati walikuwa wamemwandikia aende hospitali Ifakara bila kuchelewa.

"Utamchukua?"

"Baba, umeona mwenyewe lilivyokuwa."

"Nimeona. Nimeona pia ulivyokataa kulipanda likiwa bovu. Ukisema limepona, nitakuamini."

Nikamtazama Beda. Alikuwa ameshaanza kupakua matofali ili gari liwe jepesi. "Limepona," nikasema, na neno hilo lilikuwa zito kuliko mzigo wote tuliobeba.

Safari ya kurudi, Kabula alikaa kati yangu na mume wake. Beda na Masanja walikuwa nyuma.  Tulipokaribia kile kinundu mikono yangu ikaanza kutoka jasho, nikaupangusa mmoja kwenye kanga, kisha mwingine. Safari hii likapanda gurudumu la kulia, maana sasa tulikuwa tunarudi. Nikakata. Mikono ikaenda, na magurudumu yakaenda nayo.

Hospitali walimpokea siku hiyo hiyo. Alijifungua baadaye mtoto wa kike, na wote wawili wako nyumbani kwa Masanja. Matofali yaliyobaki niliyapeleka Mofu mwenyewe.

Siku hizi mtu akinilalamikia gari linalougua na kupona, simwambii aanze kulipigia jeki. Namwuliza: linapougua limebeba nini, na limekanyaga wapi? Alipeleke huko, likaugue mbele ya macho yake. Ugonjwa unaojificha hautafutwi mahali ambapo mgonjwa amestarehe. Nimejifunza pia kwamba kuujua hakutoshi. Utaulizwa baadaye kama gari limepona, na utakayemjibu atapanda na mtu wake.

Siku ile, tulipoipita ile kona, Kabula alinigeukia.

"Mama, ni hapa palipokushinda?"

"Ni hapa."

"Basi tumeshapita," akasema, akaegemea kiti.